Mzee Niliyemsogeza Pembeni

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikaripie. Mimi ni mpiga picha za harusi, na mwezi jana nilikuwa kwenye ukumbi mmoja kando ya ziwa, jua linazama, maharusi wamenipa mgongo wakitazama maji kama nilivyowapanga, mara baba wa bibi harusi akaja na kiti chake cha magurudumu apigwe picha pamoja na binti yake, nami nikamnong'oneza, "Mzee, kaa pembeni kidogo, nitakuita," maana kile kiti kilikuwa kinaniharibia picha, akasema haya mwanangu, akajisogeza, giza likaingia, wageni wakaitwa mezani, nami nikasahau kabisa kumwita. Wiki iliyopita mzee amefariki. Binti kanipigia akilia, ananiomba nimtafutie hata picha moja akiwa na baba yake pale ziwani, anasema alishughulika na shela lake akashindwa hata kumwita mzazi wake, na hilo halimtoki moyoni. Haipo, mama. Ninayo moja tu niliyopiga nikipima mwanga, mzee yuko peke yake kando ya hema la wageni, tai imekaa vizuri, anasubiri. Mwenzangu wa studio akanishauri nimkate hapo nimbandike kando ya binti kwa kompyuta. Nimeshafanya, imetoka nzuri mno, na tangu hapo usingizi sina. Nimpe?

Marahaba, mwanangu. Nimekusikiliza, sasa zamu yangu. Usimpe. Huyo binti si mjinga, anajua fika kwamba hakusimama na baba yake siku ile. Ulishamhamisha mzee mara moja akiwa hai, yatosha. Ifute, na mwenzako abaki na ushauri wake.

Najua hukukusudia, kazi ilikubana. Lakini umeniandikia maneno mengi kuhusu picha wakati binti wa watu anajilaumu kwa kosa lako, tena akiwa msibani. Hilo linaniudhi kuliko hilo la kiti. Nenda kwake mwenyewe, usipige simu. Mchapishie ile ya kando ya hema, kubwa, usiguse chochote. Ukifika usimweleze habari za mwanga, wala usilie wewe kabla yake. Mwambie, "Baba yako alikuja asimame nawe, mimi ndiye niliyemrudisha." Pengine atakufukuza. Akikufukuza, toka taratibu na ufunge mlango. Utakuwa umemwachia jambo ambalo hakulijua: kwamba baba yake alikuja bila kuitwa.