Walivyonizika Kwenye Tamthilia

Mbagala, Dar es Salaam

Dada yangu Konsolata,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri na presha imetulia. Dawa za hospitali ya Nyakahanga bado unazipata? Na migomba ya upande wa bondeni, ule mnyauko umeisha au mmeing'oa yote? Mimi nipo. Naandika kwa sababu ukinipigia simu hunielewi, na nikikusikia unasema, "Rudia, Anselm, rudia," nguvu zinaniishia.

Mwanao Furaha ameniambia kwamba majirani wa Ihembe walikuja kukupa pole, wakaleta ndizi na maharage, kwa kuwa wameniona nikizikwa kwenye televisheni. Ameniambia pia kwamba ulijua ni maigizo na bado ulilia. Basi nikueleze ilivyokuwa.

Unajua nimekuwa Mzee Mashaka kwenye tamthilia ile tangu Furaha hajazaliwa. Watoto waliokuwa wakinikimbia barabarani kwa ukali wa yule mzee, leo wana watoto wao. Kiharusi kiliponipinda mdomo na kuuchukua mguu wa kushoto, nilikaa muda mrefu bila kuitwa kazini. Daktari hakunizungusha, alisema maneno hayatarudi kama yalivyokuwa. Hata hivyo kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikisoma mistari yangu ya zamani, mate yakinidondoka kifuani.

Halafu Bahati akanipigia. Ni yule kijana niliyemfundisha kusimama mbele ya kamera, siku hizi ndiye mwongozaji. Akasema, "Mzee, kuna sehemu yako." Nikanyoa, nikapiga suti pasi. Nilipofika nikamwomba karatasi ya maneno yangu. Akainamisha macho.

"Hakuna maneno, mzee. Mashaka amefariki. Watazamaji wakiiona sura yako kwenye jeneza ndipo wataamini."

"Na mimi baada ya hapo?"

"Tutaona, mzee."

Ningeweza kukataa, dada. Lakini mtu aliyesubiri kuitwa kwa muda wote ule hana ubavu wa kukataa. Nikalala humo jenezani. Bi Zuhura, aliyekuwa mke wangu kwenye tamthilia miaka yote, alitakiwa alie kidogo kisha aondolewe. Badala yake aliniinamia akaninong'oneza, "Wanatuzika wote, Anselm. Tofauti ni zamu tu." Machozi yake yakanidondokea kwenye kope, nami nilitakiwa nisipepese. Sikupepesa. Labda ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Bahati akasema, "Kata." Watu wakapiga makofi, wakaenda kula. Hakuna aliyekumbuka kwamba mguu wangu hauwezi kuninyanyua. Nikaita, ikatoka sauti isiyo na neno. Nikabaki nimelala nikisikiliza vijiko na vicheko, mpaka fundi wa taa aliporudi kukusanya nyaya zake. Alinitoa taratibu, akaniomba radhi ambayo haikuwa yake kuomba.

Baada ya maziko kuonyeshwa, nilikwenda kununua vitumbua kwa mama mmoja hapa mtaani. Akanitazama sana. "Baba, unafanana na marehemu Mashaka." Nikamjibu kwa shida kwamba alikuwa ndugu yangu. Akanipa pole, akaniongezea kimoja. Bahati hajanipigia tena, na mimi nimeacha kusimama mbele ya kioo.

Umeniita nirudi nyumbani. Sirudi, dada. Safari ni ndefu kwa mguu huu, lakini hiyo siyo sababu hasa. Nilipokuwa nikija likizo, watu walijaa uani kwako kunisikiliza nikiigiza sauti za wakubwa, ukawa unawafukuza kwa ufagio. Wataniheshimu, watajaa tena, nao watasubiri. Siwezi kukaa mbele yao nikitafuta neno huku wewe ukinifuta mdomo.

Nisalimie shemeji, mwambie aache sasa kupogoa kahawa, umri umekwenda. Furaha mwambie asiwe anakuonyesha tena picha zile za maziko kwenye simu. Padre msalimie, na akina mama wa jumuiya walioleta ndizi washukuru, hawakukosea sana. Shangazi yetu wa Nyakakika haoni tena na hana televisheni. Akikuuliza habari zangu, mwambie bado naigiza, na kwamba sauti yangu inasikika nchi nzima.

Ni mimi mdogo wako,
Anselm