Bitana ya Koti

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Hapa hatujambo. Cherehani ya baba imepata mkanda mpya, na paka wako amenenepa mpaka anashindwa kuruka dirisha.

Shangazi, nimevunja ungo. Asante kwa kunieleza mapema kwamba tumbo la uzazi hutandika kitanda kila mwezi, na mgeni asipokuja, hukitandua. Nilipoona damu sikupiga kelele. Duka la jirani lilikuwa limefungwa, nikamwambia baba. Alitoka, mara nikasikia cherehani inanguruma.

Fundi ni fundi: alinishonea pedi kwa bitana ya makoti ya wateja, ile ya ndani, laini, inayong'aa, na akaipiga pasi! Akaniuliza huku anatazama ukuta, vilevile anavyowauliza wateja, "Inakaaje?"

"Inateleza, baba. Nikipiga hatua, nayo inashika njia yake."

Alicheka, Shangazi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike mama. Kisha akafungua kabati, akatoa gauni la mama la pamba, lile ambalo hataki hata niliguse. Nikamsihi aliache.

"Mama yako angekuwepo," akasema, "angeshalikata zamani."

Akachukua mkasi, akalikata. Alishona taratibu, akarudi kuutazama ukuta.

"Inakaaje?"

"Imenikaa, baba."

Ukija, njoo unipime sare wewe, maana kifua kimeanza kujaa na baba sasa ananipima amefumba macho. Ila gauni usimuulize liko wapi. Mwambie tu ameshona vizuri.

Ni mimi, binti wa kaka yako.