Koti la Kuvundikia Ndizi

Mraru, Voi
Jumapili

Kwa dada yangu mpendwa Mwende,

Natumaini baridi ya Wundanyi haijakurudishia kifua, na kwamba shemeji na watoto wanaendelea vyema. Sisi huku tumeamka salama. Mvua imenyesha kidogo, ndovu hawajafika shambani, na mama mkwe bado yuko nami tangu tumzike mume wangu Muinde. Ninakula, ninalala. Watu wananisifu kwamba nimejikaza. Mimi naona ni kama mguu uliokufa ganzi: naukanyagia, siusikii.

Uliponiuliza kwa simu habari za koti la mume wangu nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Ndiyo maana naandika.

Siku ya kugawa nguo zake wewe ulikuwa umesharudi. Koti lile zito lilimwangukia mdogo wake, Kaloki, kwa kuwa ni mlinzi wa usiku pale Voi na anakaa nje. Hakuna aliyepinga, hata mimi. Ila koti lilikuwa kwenye pipa la ndizi. Muinde alikuwa na namna yake ya kuvundika. Alikata mkungu pale tu ndizi zilipopoteza kingo na kuviringa, akapanga chane juu ya majani makavu ya mgomba, kisha akafunika kwa koti lake. Gunia hakulitaka. Zikiiva, alilivaa kwenda kanisani likinukia utamu, na watoto wakamfuata nyuma wakimwita Baba Ndizi.

Mkungu wake wa mwisho ulikuwa humo. Nilimwomba Kaloki asubiri uive, akakubali kwa heshima. Aliporudi nikamwambia bado. Akaja tena, safari hiyo akacheka, akaniita shemeji mchoyo, akauliza kama ndizi zangu zimepelekwa shule ya bweni. Nikacheka pia, kwa mdomo tu.

Dada, zile ndizi ziliiva kitambo. Niliwagawia majirani, sikuonja hata moja. Kisha nikachukua panga, nikakata mkungu mwingine uliokuwa bado mchanga, kingo zake kali, nikaujaza pipani ili koti liwe na kazi. Nilijua ndizi changa haziivi, hunyauka zikawa nyeusi. Ziliponyauka sikuzitoa. Na muda wote huo Kaloki anapigwa na baridi, naye ana haki yake.

Jana alikuja tena, akasema safari hii tufungue tuone. Mama mkwe akainuka kabla yetu, akaenda kwenye pipa, akainua upande mmoja wa koti. Najua aliziona. Akainama kama anayenusa, na uso wake ukakaa ndani ya lile koti muda mrefu. Halafu akalirudisha, akalinyoosha vizuri, akamwambia mwanawe kwamba bado, ndizi za msimu huu ni ngumu. Akaingia chumbani, akatoka na blanketi lake mwenyewe, akamwekea mikononi aende nalo kazini. Kaloki alilipokea bila mzaha wowote.

Tangu hapo mimi na mama mkwe hatujalizungumza. Leo asubuhi amemwagilia migomba maji ya vyombo, nami nimemwandalia chai.

Wasalimie wote nyumbani. Mama mkwe anakusalimu sana, na anasema ukija utubebee blanketi moja.

Ni mimi mdogo wako,
Koki