Blanketi Chini ya Mzinga

Baba,

Mzinga wa ukumbusho wa vita umeng'olewa. Naanza na hilo kwa sababu wewe, mtunzaji wake, uliupaka rangi kila Desemba kama mtu anayempaka mtoto wake mafuta. Walikuja na kreni, wakauinua, wakauweka kwenye lori la miwa lililokodiwa Awendo. Langoni wameshaandika Bustani ya Amani. Ukuta wa majina ya wanajeshi wameuacha, na jina la Ochieng' wetu lingali pale, ila nyasi ulizokuwa ukimfukuza kila mtu asizikanyage sasa zina bembea. Watoto wa Mbita wanaingia bila kuulizwa. Sipingi, Baba. Ungewasikia wanavyocheka, hata wewe ungetupa fagio.

Lakini naogopa. Yawa, naogopa!

Pale mzinga ulipokuwa ndipo wanapotaka kupanda mti wa kwanza, Jumamosi, na watakaopanda ni kina mama wa wanajeshi. Wa kutangulia ni Mama. Ameshanunua na kitambaa cha kichwa. Injinia wao, kijana mwenye maneno mengi kuliko udongo aliochimba, anamwambia, "Mathe, shimo tutamalizia asubuhi ile ile, wewe kazi yako ni kushika mche tu."

Hajui kitu yule. Mama naye hakujua. Habari zilipofika kwamba kaka yangu amekufa vitani na mwili haukupatikana, wazee walileta tunda la yago lizikwe badala yake, kama desturi yetu ilivyo. Mama aliwatimua kwa mchi. "Mwanangu si tunda! Mwanangu yu hai!" Nilikuwa jikoni, nilimsikia. Yaliyofuata ulinieleza hospitalini, siku zako za mwisho: ulilichukua lile yago, ukalifunga katika blanketi la buluu la Ochieng', ukamzika chini ya mzinga, akitazamana na jina lake. Ukaniapisha nisimwambie Mama.

Na lile blanketi, Baba! Mama alilitafuta mpaka akamwita jirani mwizi. Hadi leo hawasalimiani.

Tangu mzinga uondoke, Mama anamwota Ochieng'. Miaka yote hakuwahi kumwota. Ndiyo sababu alishikilia kwamba yu hai, maana kwetu wafu huja ndotoni. Sasa anamwona amesimama mlangoni pa simba yake, kile kibanda chake cha ujana ambacho Mama bado anakikandika, akisema, "Mama, baridi." Akinisimulia nageuza uso. Jana nikapita bustanini. Mvua imekula ukingo wa shimo, na kwenye udongo nikaona nyuzi za buluu zinaning'inia. Kibarua akazikanyaga akisema ni matambara.

Jumamosi ni kesho. Mama atalitambua blanketi lile hata kwa uzi mmoja, maana pindo alilishona mwenyewe. Nimwache alione mbele ya umati, vipaza sauti vikiimba amani? Hapana. Singeweza.

Basi nisamehe, kiapo nimekivunja. Nimemwambia leo jioni tukichambua omena. Nilidhani atapiga nduru mpaka ng'ambo ya ziwa isikie. Hakulia. Mikono yake ilisimama tu ndani ya beseni. Kisha akaniuliza jambo moja: "Babako alimlaza kichwa kikiwa upande gani?"

Hilo ulikwenda nalo kaburini.

Sasa jembe liko mlangoni pamoja na shuka jipya. Alfajiri tutakwenda kabla ya tingatinga, tumlete Ochieng' alale kando ya simba yake. Mti wao watapanda baadaye, na Mama anasema ataushika mche kwa mikono miwili.

Lala salama, Baba. Nakuahidi hakuna mguu utakaomkanyaga tena. Ila mvua imeanza upya, kubwa, inatoka ziwani, na Mama hataki kungoja alfajiri. Ameshavaa viatu.

Binti yako,
Akinyi