Koti Alilovaa Baba Lindoni

Jumatatu, 3 Machi

Wamemvua Baba nishani zake leo. Getini, mbele za watu.

Gwaride la wapiganaji wa zamani, kama kila mwaka. Koti lake la kijivu nililipiga pasi tangu jana, na pasi ndiyo kazi yangu, mimi dobi wa hospitali, hakuna mkunjo unaonishinda. Nishani mbili upande wa kushoto, ya ushujaa na ya majeruhi. Tangu nikiwa mtoto nazisugua mimi. Mwaka huu getini wameweka askari mwenye kishikwambi. Anaingiza namba ya jeshi, anatazama, anapitisha watu. Alipofika kwa Baba akatazama, akatazama tena. Mzee, huku hazipo. Hazipo nini? Hizo nishani. Kwenye kumbukumbu zako hakuna hata moja, na kuvaa nishani isiyo yako ni kosa.

Baba hakubishana, na hilo ndilo lililonimaliza. Alizifungua mwenyewe, pini ikamchoma, akazitia kwenye bahasha ya yule askari. Aliyepiga kelele ni mimi. Nilisema maneno ambayo Mama, Mungu amrehemu, angeyasikia angenizaba kibao. Hayakusaidia kitu. Tukaambiwa tukaulize ofisi ya kumbukumbu.

Nyumbani alitundika koti, akajilaza kitandani na viatu vyake.

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda ofisi ya kumbukumbu peke yangu. Baba hawezi ngazi, mapafu yake ni ya kubembeleza siku hizi. Daktari wa wodi alishaniambia nisimdanganye wala nisijidanganye. Kwa hiyo hili jambo halina muda.

Karani wa pale nimempa jina: Bwana Utaratibu. Kila nilichosema alijibu kuna utaratibu. Mtu safi, mpole, hata kumchukia kunahitaji juhudi. Alifungua kompyuta, akasoma, akanitazama kwa huruma — na huruma yake ndiyo iliyonitia hofu.

Siyo nishani tu. Kumbukumbu za Baba zinasema alikuwa mtoro.

Yaani usiku ule ule kambi iliposhambuliwa, usiku aliopata majeraha yake, imeandikwa "hakuwepo". Na miezi miwili iliyofuata, "hakuwepo". Nikamwambia, kaka, miezi hiyo alikuwa hospitali na risasi mbili mwilini, makovu nimeyaona kwa macho yangu. Akasema hospitali haina jina lake. Akatafuta tena, maana roho mbaya hana. Nishani za usiku ule zipo, akasema, zote mbili. Kapewa mwingine. Akaniandikia jina kwenye kipande cha karatasi.

Nyumbani Baba alikisoma kwa muda mrefu. "Huyu ni Mluzi," akasema. Akageukia ukutani.

Mluzi! Ndivyo walivyomwita rafiki yake aliyekufa vitani. Mjane wake tunamwona kila mwaka kwenye gwaride, amekaa safu ya mbele.

Alhamisi, 6 Machi

Amesema. Nusu yake, lakini amesema.

Kikosi chao kilikuwa na makoti mazito machache, na mlimani kule baridi ilikuwa ya kung'oa meno. Kwa hiyo koti lilikuwa la anayeingia lindoni. Ukienda zamu unalivaa, ukitoka unamvisha mwenzako. Usiku ule lililokuwa likizunguka ni la Mluzi, namba yake imeshonwa ndani ya kola. Baba alikuwa amelivaa aliposhambuliwa. Alizuia njia mpaka kunapambazuka, peke yake, akaanguka. Waliombeba hawakuwa wa kikosi chake. Walisoma kola.

Nimeelewa kabla hajamaliza. Kwetu kwenye chumba cha kufulia kila siku shuka la wodi ya wazazi linaishia wodi ya mifupa kwa sababu mtu amesoma alama ya wino na hakutazama kingine. Ila shuka unalirudisha tu.

Basi aliyelala hospitali akawa Mluzi, na asiyeonekana akawa Baba, mtoro. Baba alipopata fahamu akasema jina lake. Kamanda akaja, akamtambua kwa sura, akambandika nishani pale pale kitandani, akaahidi kurekebisha karatasi. Hakuwahi. Kamanda naye alikufa kabla vita havijaisha. Baba miaka yote hii anajua mambo yalishanyooka. Nani angemuuliza? Hii habari ya kulinganisha vifua vya wazee na kompyuta imeanza mwaka huu.

Nikamuuliza, na zamu yenyewe ilikuwa ya nani?

Akasema nimpe maji.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Utaratibu anaamini habari ya koti. Ameniambia kabisa. Lakini kuamini si utaratibu. Anataka kiapo cha Baba, kikieleza usiku ule hatua kwa hatua: yeye alikuwa wapi na mwenye koti alikuwa wapi. Na familia ya marehemu lazima ijulishwe, maana nishani haiwezi kukaa kwa watu wawili. Ikiingia kwa Baba, inatoka kwa Mluzi. Mwisho wa mwezi zile zilizo kwenye bahasha zinapelekwa makao makuu, na zikifika huko, akasema, hata yeye asingetaka kuzifuata.

Mwenye koti alikuwa wapi. Nimerudi nalo hilo swali nyumbani, nikamkalia Baba kooni. Najionea aibu. Mgonjwa, nami namhoji kama mwizi. Mwishowe akanyoosha mkono nimsaidie kukaa.

Zamu ilikuwa ya Mluzi. Alimwamsha Baba akamwambia nishikie kidogo, naenda haja. Akavua koti akamvisha. Hakurudi. Milio ilipoanza Baba alimwita, akamwita, mwisho akanyamaza asije akajulikana alipo. Mluzi walimkuta kwenye barabara ya malori, mbali kabisa na kambi, shati tu, risasi imeingia mgongoni. Hana namba mwilini. Walipomtambua baadaye waliandika tu amekufa usiku ule, lindoni; karatasi za hospitali hakuna aliyezilinganisha.

"Alikuwa na miaka ishirini na moja," Baba akasema. "Hata mimi nilitaka kukimbia. Miguu ndiyo ilikataa."

Hajawahi kumwambia mtu. Hata Mama.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa mjane. Nilijipanga njia nzima. Sentensi zangu zote tayari. Hasira nimebeba ya kutosha: baba yangu anakufa akiitwa mtoro, na mwingine yuko ukutani kwa watu kama shujaa.

Na kweli yuko ukutani. Sebule ndogo, viti vitatu, mito yenye vitambaa alivyofuma mwenyewe. Picha ya kijana anayetabasamu upande mmoja, na chini yake cheti cha ushujaa kwenye fremu. Alikipangusa kioo kwa upindo wa gauni huku akinisalimia, bila kufikiri, kama mtu anavyomfuta mtoto pua. Akaniita mwanangu. Akauliza hali ya Baba, akasikitika kikwelikweli. Akachemsha chai.

Nikasema mama, nimekuja na jambo. Akasema sema. Nikaangalia ukutani. Akadhani naangalia cheti, akaanza kunieleza. Watoto wawili amewalea kwa cheti hicho, alisema. Wa kwanza alipotaka kuacha shule, alimsimamisha hapo mbele yake. Wa pili alipoachwa na mume, hapo hapo. "Nawaambia, baba yenu hakukimbia. Basi na nyie msikimbie."

Nikamwambia Baba anakusalimu sana. Nikanywa chai yangu. Nikaondoka.

Nimelia kituoni kama mwehu, watu wananipisha.

Jumapili, 16 Machi

Kaka amepiga simu. Kaka yangu ushauri hauishi, kuja ndiyo haji. Anauliza, yaani umesafiri asubuhi mpaka mchana kwenda kunywa chai? Anasema marehemu hana cha kupoteza, aliye hai anacho. Anasema ningekuwa mimi. Nikamwambia basi kuwa wewe, nauli naijua, njoo. Akasema mtandao unakatika.

Tatizo ni kwamba yuko sahihi. Baba hajanyoa tangu siku ya gwaride. Uji anausogeza tu kwa kijiko. Koti liko msumarini na halitazami.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nilipomfuta mgongo, kitambaa kilipita kwenye makovu, na bila kuulizwa akasema: "Andika hicho kiapo chao. Nimechoka kuwa mtoro."

Nimeandika. Neno kwa neno alivyosema, mpaka barabara ya malori, mpaka mgongoni. Alipofika hapo alisimama, nikadhani ni pumzi. Haikuwa pumzi. Akaendelea. Akatia sahihi, imepinda inashuka mpaka nje ya mstari.

Nilitarajia nitafurahi. Najisikia kama niliyemsaidia kuchimba kaburi na sijui la nani.

Ijumaa, 21 Machi

Bwana Utaratibu hayupo, yuko semina. Rudi Jumatatu. Aliyekaa kwenye kiti chake hawezi kupokea kiapo, kupokea kuna mtu wake. Ila alinipa habari moja kama anayenifanyia hisani: familia ya marehemu imeshaandikiwa, barua ilitoka wiki iliyopita. Hamkuambiwa?

Barua. Yule mama ataisoma amesimama mbele ya ile fremu. Na mimi nilikunywa chai yake nikanyamaza.

Sijamwambia Baba. Sina nguvu. Nimefika kazini nikaunguza mashuka mawili.

Jumapili, 23 Machi

Naandika nikiwa jikoni, daftari gotini. Nisipoandika nitapiga ukelele. Wao wako sebuleni. Mlango hatuna, pazia tu, nasikia kila kitu.

Mjane amekuja. Barua iko mkononi, imekunjwa mpaka imelainika. Baba aliposikia sauti yake aliniambia nilete koti la kijivu. Nikamvisha. Limekuwa kubwa, mabega yamekwisha. Matundu mawili ya pini yanaonekana kifuani. Akaomba na kitana.

Wakaulizana hali. Shemeji, umekonda. Shemeji, uzee. Nikaweka chai mezani, nikakimbilia huku. Yule mama akaanza. Hakugomba. Laiti angegomba! Alisema barua hii sijaielewa yote, nimesoma mara nyingi. Inasema huenda hakuwa pale. Wewe ulikuwa naye. Nimewaambia wanangu maisha yao yote kwamba baba yao hakukimbia. Shemeji, niliwadanganya?

Baba akakohoa. Kile kikohozi cha chini, kinachomkunja. Nikashika pazia niingie, nikasita. Nilitaka aseme. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapana wa kunisikia: nilitaka aseme, huyu mama avunjike, baba yangu apate jina lake.

"Koti lilikuwa lake," Baba akasema. Akavuta pumzi. "Na mtu aliyekuwa ndani ya koti lile, shemeji, hakukimbia. Alikaa pale pale mpaka kukapambazuka. Hilo nakuapia."

Yule mama amelia. Kwa sauti, kama mtu aliyetuliwa furushi. Anasema asante, anarudia asante, na kila asante inanichoma. Kisha akauliza, sasa hawa watu wa barua niwajibu nini? Baba akasema usiwajibu, nitawajibu mimi.

Sasa anamweleza Mluzi alivyokuwa. Alivyokuwa akipiga mluzi wa kila mtu kambini, kila mmoja wimbo wake, hata kamanda. Anajaribu kuupiga ule wa Mluzi mwenyewe. Pumzi haifiki, inatoka hewa tu. Yule mama ameuchukua pale alipouachia, anaumalizia taratibu. Baba anacheka. Sijamsikia akicheka tangu gwaride.

Ananiita. Niende na ile karatasi ya kiapo, anasema, na kiberiti.

Kesho Bwana Utaratibu yupo. Nimeambiwa niende asubuhi na mapema.

Ananiita tena. Nimeitikia, nakuja Baba. Kiberiti kiko hapa kando ya jiko. Kiapo nimekiweka chini ya daftari hili, na juu yake ndipo ninapoandikia