Njia Aliyopita Dume Langu

Mwenzangu, leo nimevuliwa nguo mbele ya wafugaji wote, tena vifungo nimevifungua mwenyewe!

Unakumbuka nilivyoapa kwamba ugonjwa wa miguu na midomo umeletwa na ng'ombe wa shemeji? Mimi, mwenyekiti, ndiye niliyemwita daktari wa mifugo apime vinasaba vya kirusi.

Kabla hajaanza, nikasimama nikatoa somo: kirusi hubadilika kidogo kidogo kinapohama kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, kwa hiyo ukiyafuata mabadiliko unamfikia aliyeanza. Nikapitisha na azimio: mwenye kosa azunguke kila nyumba kuomba radhi. Walinipigia makofi!

Daktari akaonyesha mchoro ukutani, kama ukoo wa watu, babu hadi vitukuu. Akagusa shinani. "Kirusi cha kwanza kimetoka kwa dume la mwenyekiti."

Dume langu! Yule niliyemnunua mnadani nikakataa kumtenga, eti ng'ombe mgonjwa namjua kwa macho. Halafu nikamwazimisha nyumba nane apande majike. Nane!

Nikasema, "Daktari, pima tena."

"Mzee, nimepima mara tatu."

Shemeji akauliza kwa upole, upole ule wake unaoumiza, "Mwenyekiti, lile somo utusomee tena?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata katibu wangu!

Basi kesho nazunguka, nyumba kwa nyumba, njia ileile aliyopita dume. Ya kwanza ni kwa shemeji. Nimemwandikia kwamba nakuja, amejibu sasa hivi: "Karibu sana. Ila getini ukanyage dawa ya kuua virusi kwanza."