Ndege Alianguka au Ndege Ilianguka?

Alhamisi, mjini Ibra. Joto la kukausha mate, na feni inazunguka kwa kulazimishwa.

Leo nimechekwa. Tena na bibi yangu mzaa baba, msomaji wangu pekee duniani. Macho hayamsaidii, kwa hiyo mie ndo humsomea.

Ninaandika riwaya ya kikosi cha ndege za vita kinachopigana huko kwenye nyota. Kwa Kiswahili. Kaka yangu ananikebehi: Kiswahili chenyewe huna, andika Kiarabu, khalas. Nikamwambia Bibi ndiye ataamua. Akiipenda naendelea, asipoipenda naanza upya kwa Kiarabu.

Leo ilikuwa sura ya tisa, Kapteni Zuwena anapigwa. Nikasoma kwa mbwembwe: “Ndege akaanguka, ubawa umevunjika, asiinuke tena.” Bibi akatoa leso, akalia kweli kweli. Nikajisemea, alhamdulillahi, nimeweza!

Kisha akauliza, “Maskini. Na makinda yake nani atayalisha?”

Yarabi!

Kumbe sura zote alidhani nasimulia ndege wa manyoya, na Zuwena ndiye mkubwa wao. Mie mzaliwa wa hapa, niliyekulia kwenye Kiarabu, kila kitu kwangu ni “a”: ndege alipaa, ndege alitua, ndege alitema moto. Nikamuuliza, hata huo moto haukumshangaza?

“Hadithini ndege husema, sembuse kutema moto! Ya chuma ungesema *ilianguka*, mtoto we.”

Akacheka mpaka machozi yakaanza upya. Nami nikacheka, huku uso unaniwaka kwa aibu. Nikamweleza kwamba ni ndege ya chuma, na Zuwena ni mtu, rubani, amekaa ndani.

Kicheko kikakatika.

“Mna mtu mle? Mamake yu hai?”

Injini yake naijua, silaha zake nazijua, hata rangi ya kofia yake. Mamake sijamfikiria hata siku moja. Imeniuma, sifichi. Kaka hunikosoa Kiswahili tu, na kosa hilo ndilo dogo.

Bibi akajifuta uso. “Basi usimuue bado, mwanangu. Kwanza nijue nani atamlilia.”

Nimeifuta sura ya tisa. Kiarabu kitangoja. Kesho nampeleka Zuwena kwao, kwa mamake.

Sasa, kwao ni wapi?